Zege Nimelivunja, Clive

Nyumba ya Mtini,
Beniatar, Granada,
Hispania.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Clive,

Salamu nyingi kutoka kwenye hili jua unalosema limeniharibu akili. Hujambo? Goti linaendeleaje, na yule daktari amekuita au bado anakupiga kalenda? Mkeo Pauline kifua kimepoa? Njiwa wako je, wameanza mashindano? Mimi ni mzima. Mgongo unauma, viganja vimejaa malengelenge, shingo imebabuka, lakini nalala usingizi ambao sikuupata tangu Novemba tulipomzika Roy.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma nimesimama, kwa hasira. Najua umeiandika kwa mapenzi. Unasema mjane wa miaka sitini na nane hana lake mlimani, kwamba kuna nyumba ndogo mtaa wa pili kutoka kwenu hapo Barnsley, na kwamba nimuuzie nyumba hii yule dalali Mwingereza wa pwani kabla watu wa mfereji hawajanifungia maji, maana shamba kavu halina mnunuzi. Jibu langu ni hapana. Nimeliweka huku juu ili usihangaike kulitafuta. Sasa kaa nikueleze, kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu kuliko unavyodhani.

Ile karatasi ya watu wa mfereji niliyokusomea kwa simu mwezi wa Machi haikuwa vitisho vya bure. Ilisema kila ambaye mfereji unapita kwake afike siku ya kuusafisha, na aondoe chochote kilichouziba kabla ya sikukuu ya Isidro Mtakatifu, tarehe kumi na tano Mei. Asiyefanya hivyo anafutwa kwenye orodha ya zamu za maji. Michungwa yangu kumi na tisa ingeukabili mwezi wa Julai bila tone, na Julai ya huku unaijua.

Kilichouziba ni zege letu. Nasema letu, Clive. Pasaka ya mwaka juzi ulichanganya saruji kwa mikono yako miwili, ukiimba, huku Roy akisawazisha kwa ubao. Gari lilihitaji mahali pa kulala, na pale palikuwa na mtaro mkavu umejaa majani ya mtini. Sote watatu tuliutazama tukasema ni mtaro wa kizamani usio na kazi. Ni wewe uliyesema tulaze bomba chini yake, litatosha. Mizizi na matope vililiziba bomba hilo kabla kiangazi cha kwanza hakijaisha, na maji ya watu yakawa yanamwagika korongoni.

Hatukujua kwa sababu michungwa yetu iko upande wa juu wa zege, inakunywa kwanza. Chini yake kuna ukuta, na ng'ambo ya ukuta ni shamba la Remedios, yule bibi mfupi anayevaa aproni ya bluu. Miaka miwili hatukuchungulia hata siku moja. Na hati ya nyumba ilitaja vyumba, mtini, kisima kilichokufa, hata banda la kuku, ila mfereji haikuutaja. Wakili wetu ndiye aliyekuwa wakili wa muuzaji pia. Tulimshukuru kwa kuturahisishia mambo.

Sikiliza aibu yenyewe. Kiangazi kile cha kwanza Remedios alikuja mlangoni na malimau sita mkononi, yamesinyaa, madogo kama kokwa. Akasema mengi, kwa haraka, akionyesha chini. Kihispania chetu kilikuwa cha kuombea mkate tu. Roy akadhani anauza. Akayachukua malimau, akamkabidhi noti ya euro tano, akamwambia abaki na chenji. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikimwona mume wangu mkarimu. Tangu siku hiyo Remedios hakutusalimia, nasi tukasema watu wa hapa wana kiburi.

Basi Jumamosi ya pili ya Aprili nilichukua jembe la Roy nikapanda hadi chanzo cha mfereji. Wanaume kumi na sita walikuwa wamejipanga. Eusebio, msimamizi wa mfereji, alikuwa akipima kwa fimbo, kila mwenye shamba fimbo kumi za kuzibua. Aliponiona aliishusha fimbo.

"Mama Noreen, umepotea? Duka liko kule."

"Sijapotea. Fimbo zangu kumi ziko wapi?"

"Ah, siku hizi watu wanaleta kibarua bwana. Leta mtu."

"Nimeleta. Ndo huyu unayemwona."

Wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Atazimia huyu, halafu tuhangaike na maiti ya Kiingereza!" Nikamwambia, "Nikizimia nimwagie maji, si tuko chanzoni hapa?" Hapo walicheka kwelikweli, na Eusebio akanipimia. Nadhani alinipunja nusu fimbo kwa huruma, nami nikamrudisha akapime upya.

Waswahili wana msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alinifundisha Neema, aliyepika nami miaka kumi na mbili jikoni pale shuleni. Mimi nimekuwa mgeni hapa miaka sita, Clive. Sita! Nimenunua mikate yao, nimepiga picha sherehe zao, nimelalamikia kengele yao ya kanisa. Jembe sikuwahi kulishika. Siku ile nilichimba matope mpaka saa nane mchana, tukala mkate na soseji tumekaa ukingoni, na yule wa maiti akanimiminia mvinyo.

Lililobaki likawa zege. Unakumbuka kilichoandikwa juu yake? Roy alikandamiza kiganja chake pembeni lilipokuwa bado bichi, akaandika mwaka kwa kijiti. Wewe ukakanyaga kwa bahati mbaya na buti lako la kushoto, akakutukana, kisha akaamua alama ibaki. Ndiyo kazi yake ya mwisho aliyoimaliza kabla ya kuugua. Majira yote ya baridi nimekuwa nikitoka asubuhi na kikombe cha chai, naweka mkono wangu ndani ya wake. Vidole vyangu havifiki mwisho. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na tiketi ya ndege mkononi.

Tarehe kumi Mei Eusebio alikuja kukagua. Nilikuwa nimeazima nyundo kubwa lakini sikuwa nimeigusa. Aliona kiganja, akaelewa, akavua kofia.

"Basi mama. Mwaka huu tufumbe macho. Mzee amekufa juzi tu. Mimi nitawaambia wenzangu, hakuna atakayesema."

Clive, nilitaka kumbusu. Ruhusa niliyoiomba kimoyomoyo ilikuwa imekuja yenyewe mpaka uani. Ningebaki na nyumba, na maji, na mkono wa Roy, vyote. Kisha nikasikia mlio wa chuma kwenye mawe. Nikaenda ukutani, nikachungulia. Remedios, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa akipanda na ndoo kutoka korongoni, anatua kila hatua kumi. Milimau yake tisa imesimama mikavu kama kuni. Iliyobaki aliimwagilia kwa kikombe.

Nikamuuliza Eusebio, "Na huyu yeye afumbe nini?"

Akavaa kofia yake.

Pigo la kwanza nililipiga mimi. Sikukubali mtu mwingine. Nilianza upande wa mbali nikijidanganya kwamba kiganja kitasalimika, lakini zege lenu lilikuwa imara, mlilichanganya vizuri mno, na ufa ulipokwenda ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye kidole gumba, ukaupasua mkono katikati. Nililia kwa sauti mbele ya Eusebio. Sikuona haya. Nililia nikiendelea kupiga, na ukitaka kujua, nilimsema Roy kwa kufa, nikakusema wewe kwa bomba lako, nikajisema mimi kwa kutochungulia.

Remedios akatokea na sululu la marehemu mumewe. Akachagua mahali, akaanza kutindua.

"Sogeza mguu wewe! Unataka kukatika?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka miwili. Tulipopumzika akaniuliza, "Yale malimau. Kweli hamkujua?"

"Hatukujua."

"Mumeo akanipa euro tano."

"Nilikuwepo. Nisamehe."

"Ninazo bado, kwenye kopo. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukurushia usoni."

"Leo ni siku nzuri," nikamwambia, na yule bibi akacheka mpaka akaegemea sululu. Msamaha wenyewe sijui kama nimepewa. Milimau tisa hairudi kwa kicheko. Lakini jana alinipigia kelele juu ya ukuta kwamba ninapogoa michungwa vibaya, na hiyo huku ni salamu.

Binti yenu Tamsin akija kwako na ndoto zake za nyumba ya Hispania, usimkataze, msomee hii. Mwambie aajiri wakili ambaye hamjui kabisa muuzaji. Hati ailinganishe na ardhi yenyewe kwa miguu yake, mpaka hadi mpaka. Akiona mtaro mkavu, aulize kijiji kizima. Na kabla ya kusaini achungulie ukuta wa chini, amjue anayekunywa baada yake. Rangi ya vigae itangoja.

Wewe nawe usiniambie tena kwamba sina langu huku. Jina langu liko kwenye orodha ya zamu za maji, baani, limeandikwa kwa kalamu na halikukosewa: Noreen, Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Dalali wa pwani alipiga simu juzi kuuliza kama nimeshafungiwa. Nikamwambia aje aone, alete na buti. Hajaja. Ile nyumba ya mtaa wa pili, yenye bustani ya kutosha kiti kimoja, mpe mtu mwingine. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nami nimeshavua, Clive, tena mbele ya wanaume kumi na sita.

Nisalimie sana Pauline, na Tamsin, na Shangazi Doris nyumbani kwa wazee. Mwambie machungwa nitamtumia. Pasaka ijayo mje wote, gari mtaliacha kanisani kama wengine. Mungu akutunze wewe na goti lako na njiwa wako, awarudishe wote nyumbani salama.

Karibu nisahau. Vipande vya kiganja cha Roy nimevipanga chini ya mtini. Kile chenye alama ya buti lako kilitoka kizima, bapa, saizi ile ile ya lango la mfereji. Nimekichomeka pale, kinazuia maji vizuri kuliko ubao wa mwanzo. Leo saa mbili kamili nilikiinua kwa mikono yangu, yakapita, nikahesabu mpaka arobaini kabla Remedios hajapaza sauti kule chini kwamba yamefika. Kwa hiyo Alhamisi saa hizo usinipigie simu. Nitakuwa nimeshika unyayo wako, mikono imelowa.

Ni mimi dada yako, asiyehama, akupendaye hivyo hivyo,

Noreen