Mngurumo Katika Spika za Mchungaji Mramba

Mtopanga, Kisauni
6 Julai 2025

Kwa mpwa wangu Kahaso,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeamua kuzeeka peke yake. Mamako, dada yangu Ruth, naye ni mzima, na viazi karai vyake pale stejini vinakwenda. Nawe u hali gani na baridi ya Nyeri? Nasikia maji ya kuoga huko yanauma kama mbwa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mlango wa karakana nimeufunga, wateja wakagonga hadi wakachoka. Nimeelewa. Umeanguka somo la saketi na signali, umepata thelathini na moja kwa mia. Utarudia mtihani tarehe kumi na nane Agosti, na ukianguka tena unatolewa kwenye uhandisi, urudi nyumbani na mabegi yako. Na mamako hajui. Sawa. Kwangu haitoki.

Sasa hofu ya nini, na mjomba unaye? Mimi shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa, amenipa yote aliyokuwa nayo. Lakini umeme, mpwa wangu, umeme unanijua kwa jina. Mwaka wa ile mvua kubwa, harusini Changamwe, spika zilizimika bibi harusi akiwa mlangoni. Nikazifufua kwa karatasi ya pakiti ya sigara na mate kidogo. Zikalia hata watu wa Likoni, ng'ambo ya maji, wakatoka nje wakaanza kucheza, wakidhani harusi ni yao. Wallahi siongezi.

Kwa hivyo nitakufundisha mwenyewe, kwa barua, maadamu simu yako imekufa kioo. Jaribio la kwanza hili hapa. Kuna fundi mmoja hapa Mtopanga, jina lake nalificha kwa heshima. Amefunga mitambo ya sauti kwenye kanisa la Mchungaji Mramba: amplifaya, mikisa ya kuchanganyia sauti, kinanda, spika mbili kubwa kama kabati. Kila ikiwashwa inanguruma mmmmm, hata mtu hajafungua kinywa. Amebadilisha kapasita mara mbili, bado. Mchungaji amempa hadi sikukuu ya mavuno, tarehe tatu Agosti. Sasa huyo fundi afanye nini? Jibu mimi ninalo, nimelikunja mfukoni. Nataka kuona kama unalo wewe.

Nimekutumia achari na mabuyu kwa basi.

Mjomba wako,
Garama


Hosteli, Nyeri
13 Julai 2025

Shikamoo mjomba,

Natumai barua hii itakukuta salama, na goti limepata nafuu. Mimi sijambo, baridi tu. Mabuyu yalifika saa nne na saa tano hayakuwepo. Wenzangu wa chumbani, Mwende na Milcah, wanatembea na ndimi nyekundu na wanakuita mjomba wao.

Kusema kweli, ukutani kwangu nimebandika fomula arobaini na mbili. Nazijua zote kama sala, na sijui hata moja inaombea nini. Jaribio lako limenifanya niuache ukuta kidogo.

Somo lenyewe linasema hivi. Sauti yoyote, hata iwe ya fujo vipi, ni sauti nyepesi nyingi zilizopandana, kila moja na kasi yake ya kutetema. Kazi ni kuzitenganisha na kujua kila moja imetoka wapi. Umeme wa nyumbani hutetema mara hamsini kwa sekunde. Kapasita za amplifaya zikichoka, mngurumo hutoka mia moja. Ukiingia kutoka nje, kwa njia ya nyaya, hutoka hamsini. Basi kabla ya kung'oa kitu, huyo fundi ajue kwanza: ni mia au ni hamsini?

Kama hana chombo cha kupimia, kinanda kipo. Mpiga kinanda atafute kitufe kinacholingana na ule mngurumo. Kwa vinanda vya kanisani vya kawaida, kitufe cha mwisho kabisa kushoto ni kama sitini na tano. Mia moja ataipata, ni cheupe cha tano kutoka hapo. Hamsini hataipata, iko chini ya mwisho wa kinanda.

Tena umuulize: mitambo yote inakula umeme wa soketi moja?

Mpe pole huyo fundi. Nahisi ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Mpwa wako,
Kahaso


Mtopanga
20 Julai 2025

Kwa Kahaso,

U mzima? Sisi tu wazima. Dada alitaka kujua mbona tunaandikiana sana siku hizi. Nimemwambia unaniomba ushauri wa satelaiti.

Umejibu vizuri, sawasawa na karatasi iliyo mfukoni mwangu, isipokuwa mwandiko wako ni bora kidogo. Nilikwenda kanisani kumsindikiza tu yule fundi. Mpiga kinanda ni Velma, binti wa Changawa muuza mbao, ana sikio kama la popo. Alifumba macho akashuka kitufe kimoja kimoja kuelekea kushoto. Hiki? Sicho. Hiki? Sicho. Akafika mwisho, kidole kikatoka nje ya kinanda kikagonga mbao.

"Iko chini zaidi, Fundi Gara—" akasema. Yaani alikuwa akimwambia yule fundi. "Kinanda changu hakina sauti hiyo. Ingekuwa na kitufe, kingekuwa pale alipokaa mzee wa kanisa."

Mzee wa kanisa akainuka akaangalia alipokaa.

Habari ya soketi usijisumbue. Umeme ni mmoja, safi, wa kanisa lenyewe, soketi moja ya ukutani. Huyo fundi ni mtu wa mpango. Nakuambia hata uwanja wa ndege wangemchukua kesho, ila yeye hataki kuvaa sare. Haya, maliza hesabu yako.

Mjomba wako,
Garama


Nyeri
24 Julai 2025

Shikamoo mjomba,

Natumai mko salama wote. Mimi afya ninayo.

Kama sauti iko chini ya kinanda, ni hamsini. Kapasita hazina kosa. Inaingia kutoka nje, na njia yake kubwa ni hii: vyombo viwili vimeungwa kwa waya wa sauti, lakini kila kimoja kina waya wake wa ardhi, uliofukiwa mahali tofauti. Ardhi mbili hazilingani sawasawa. Basi umeme mdogo unazunguka baina yake kama mtu aliyesahau funguo, huku na huku, na unalia kwenye spika.

Lakini umesema soketi ni moja. Basi mzunguko huo haupo. Nimechora saketi ile mara tisa, mjomba. Mara tisa hesabu inasema ardhi mbili, nawe unasema moja. Wewe umeona kwa macho, mimi nina kalamu tu, basi aliyekosea ni mimi.

Nikishindwa na kanisa moja, mtihani nitauweza wapi? Nimechukua fomu ya kujitoa kwenye kozi. Ni ukurasa mmoja tu. Iko mezani, sijaijaza. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa, tarehe moja Agosti. Afadhali niondoke kwa miguu yangu kuliko kutolewa. Mama usimwambie bado.

Mpwa wako,
Kahaso


Mtopanga
28 Julai 2025

Kahaso mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Sote wazima. Usiijaze hiyo fomu.

Fundi ni mimi. Soketi si moja.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano tokeni za umeme za kanisa ziliisha katikati ya mazoezi ya kwaya. Jirani ni Bi Mishi, nyumba yake na kanisa ni ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mwislamu na sijamsikia siku moja akiwanyima wale watu kitu. Akasema, "Garama, pitisha waya hapa dirishani, waimbe. Mkimaliza mpige hodi nichomoe." Nikapitisha. Tokeni ziliponunuliwa, mikisa na amplifaya vikarudi umeme wa kanisa, lakini kinanda nikakiacha kwa Bi Mishi. Kwa sababu gani? Kwa sababu nilikwisha kumwambia Mchungaji Mramba kwamba nimekiletea kinanda laini maalumu, ya aina inayotumika kwenye manowari. Ningekichomoa mbele yake, manowari ningeipeleka wapi?

Nyumba mbili, mita mbili za umeme, nyaya mbili za ardhi. Ndiyo hiyo uliyoichora mara tisa ukiwa huko kwenye baridi, na mlango wa kanisa hujauona. Hesabu yako haikukosea hata mara moja. Kilichokosea ni mdomo wangu, nao nilikuwa nauachia ukuondoe shule.

Jana baada ya ibada nilichomeka vyote kwenye extension moja, umeme wa kanisa. Nikawasha. Kimya. Kimya hata mchungaji akadhani mitambo imekufa, akainamia maikrofoni akasema "Halo?" Sauti ikamrusha nyuma, miwani ikaanguka. Bi Mishi akacheka dirishani mwake: "Loo, kumbe hata mimi nilikuwa kwenye kwaya!" Nikasema mbele ya watu kwamba hakuna manowari, ulikuwa waya wa Bi Mishi, na aliyegundua ni mpwa wangu. Mchungaji akaniuliza wewe umejuaje uko mbali vile. Nikamjibu, anasomea. Velma akapiga makofi, akawa peke yake, kisha wakamfuata.

Ningeweza kukupigia kwa simu ya Mwende. Lakini maneno haya siwezi kuyasema nikisikia unapumua upande wa pili. Barua hii nimeipeleka mwenyewe kwenye basi la asubuhi, nikamsimamia karani hadi akaibandika jina lako.

Mjomba wako,
Garama


Mtopanga
31 Agosti 2025

Kwa Kahaso,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mtihani umepita wiki mbili. Nilituma mkate wa sinia, sijui kama ulifika. Sikuulizi kitu. Naandika kukwambia tu kwamba mvua imenyesha juzi, na karakana haikuvuja sana.

Mjomba wako,
Garama


Nyeri
14 Septemba 2025

Shikamoo mjomba,

Habari za huko, habari za Mama? Mimi ni mzima, mzima kabisa. Nisamehe kwa kunyamaza. Fomu niliichana siku ile ile barua yako ilipofika, lakini baada ya mtihani sikuwa na neno la kukuandikia ambalo lisingekuwa la kubahatisha. Mkate ulifika, Milcah anauliza kama kuna mwingine.

Matokeo yalitoka Ijumaa. Nimepata hamsini na nane. Nimepita, naingia mwaka wa nne.

Swali la tatu lilikuwa wimbi la fujo, tulitenganishe tuseme lina nini ndani. Zamani ningeutafuta ukuta kichwani. Safari hii nilimwona Velma, nisiyemjua hata sura, akishuka kitufe kwa kitufe, nikashuka naye. Fomula zikaja, na kila moja nikajua kazi yake. Kidogo nimwandikie msahihishaji kwamba sauti ya mwisho iko chini ya kiti cha mzee wa kanisa.

Limebaki moja. Mama hajui kama nilianguka. Kwa simu ya watu siwezi kumwambia, ataniuliza nami nitalia. Mwambie wewe, uso kwa uso. Lakini mjomba, tafadhali, mwambie ilivyo. Akisikia hata robo ya manowari hataamini kama nimepita.

Mpwa wako,
Kahaso


Mtopanga
21 Septemba 2025

Kwa mhandisi Kahaso,

Pokea salamu za hapa Mtopanga, za Velma, za Bi Mishi, na za mchungaji mwenye miwani mipya.

Jana nilikwenda kwa dada. Njiani nilikuwa na maneno mazuri sana: karatasi za mtihani zimetoka ng'ambo kwa ndege, wasahihishaji saba, mmoja amezimia. Nikafika stejini, dada yuko kwenye karai anageuza viazi. Nikavuta kigoda nikakaa.

"Ruth," nikamwambia, "Kahaso alianguka mtihani mmoja. Hakukwambia, aliogopa. Ameurudia, amepita. Hamsini na nane."

Akageuza kiazi kimoja.

"Haya, mengine?"

"Hakuna mengine."

"Garama."

"Ndiyo hayo, dada."

Akaweka kijiko chini, akafuta mkono kwenye leso, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Akanishika na shingo. Kisha akakaa juu ya debe, akajifunika uso na ile leso, mabega yakamcheza, na mteja aliyekuwa akingoja viazi vya hamsini akaondoka kwa adabu zake. Viazi vikaungua. Tulivila hivyo hivyo, sisi wawili, na ukwaju mwingi.

Hana hasira. Anasema umpigie, utumie simu ya yeyote, na ukitaka kulia ulie, yeye amekwisha kulia upande wake.

Nilipoinuka kuondoka akaniita tena, polepole, kama anayeogopa kitu kitavunjika.

"Umesema ngapi?"

"Hamsini na nane," nikamjibu.

Sitini ilikuwa tayari mdomoni, Kahaso. Nikaimeza.

Mjomba wako,
Garama