Mipira ya Pembeni

Jumatatu, 3 Februari

Mazoezi jioni kama kawaida. Upepo, vumbi, kisha matone machache yasiyolowesha kitu. Nimewapigia makipa krosi mpaka paja likakaza. Salumu, kipa wa pili, kadaka vizuri. Elia, kipa wa kwanza, kaanza vizuri, jua lilipoinama akaharibika. Mipira ya kutoka kulia inampita kama haijapigwa. Nilimfokea. Akasema, "Samahani, Mwalimu." Wakati wa kukusanya vifaa alijikwaa kwenye koni, akacheka peke yake. Sikukipenda kile kicheko.

Tuko wa tatu kutoka mkiani. Kocha mkuu hatamki tena neno kushuka. Anasema "lile jambo".

Jumamosi, 8 Februari

Nyumbani. Tumefungwa mbili kwa moja. Bao la pili la kona, dakika za nyongeza. Elia alisimama wima kwenye mstari, mpira ukampita usawa wa sikio. Hakuruka. Hakuwaita mabeki.

Uwanja ulinyamaza. Kisha ikaanza jukwaa la mbali, pole pole, kwa kupiga makofi: "Kau-za. Kau-za."

Mimi nimedaka miaka mingi na nimefungwa mengi. Kipa akifungwa hukasirika. Elia hakukasirika. Alishtuka, kama mtu aliyeguswa bega akidhani yuko peke yake.

Jumatano, 12 Februari

Mke wangu karudi sokoni na maneno. Muuza nyanya anasema Elia kajenga Hombolo kwa hela za kuuza mechi. Hana nyumba Hombolo. Wakwe zake wana shamba la zabibu huko, basi. Nilipomweleza alinijibu, "Mimi najua, Baba Neema. Nenda ukamweleze muuza nyanya."

Mchana mwenyekiti wa klabu aliniita. Alifunga mlango mwenyewe. Anataka nimchunguze Elia, anaongea na nani, anakwenda wapi. Nilisema mimi ni kocha wa makipa, si askari.

"Timu ikishuka," akasema, "utakuwa kocha wa makipa wa nani?"

Anaongea taratibu sana. Ninamwogopa.

Jumanne, 18 Februari

Nilimbakiza Elia wenzake walipoondoka. Nikamwambia autazame mlingoti wa goli la mbele, asigeuze macho. Nikasimama ubavuni pake, nikainua mpira. Nikaushusha. Nikauinua tena karibu zaidi. Nikamuuliza nimeshika nini. Akaanza kulia, bila sauti, macho bado yako kwenye mlingoti kama nilivyomwagiza.

Ameniambia yote. Ilianza mwaka jana, kutoona vizuri giza likikaribia. Akaenda kwa daktari wa macho bila kuiaga klabu. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Unakula macho kuanzia pembeni. Mbele anaona bado, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Hakuna dawa.

Kwao ni Buigiri, jirani na shule ya watoto wasioona. Alicheza nao utotoni. Anasema haogopi kuwa kama wao. Anaogopa siku watu watakapojua.

"Niache nimalize msimu, Mwalimu. Mechi za jua naziweza."

Nilisema nitafikiri. Sikufikiri. Tulipofika getini nilikuwa nimeshakubali.

Alhamisi, 20 Februari

Sijamwambia mke wangu. Sijamwambia kocha mkuu. Sili vizuri.

Jumamosi, 1 Machi

Ugenini, jua la kuchoma. Sare bila bao. Wamepata penalti kipindi cha pili. Elia kaipangua. Mpira ulikuwa mbele yake kabisa, ndani ya lile bomba, akauona mpaka kwenye kiganja. Wenzake walimrukia, wakamlalia. Kwenye basi waliimba mpaka tukaanza kuziona taa za Dodoma. Kocha mkuu kanishika mkono, kasema nimemfufua kijana.

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa dirishani na hofu yangu. Sasa hawatamweka benchi tena.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungwa moja bila. Krosi. Jukwaani walikuwa na bango la shuka jeupe lenye jina lake na neno moja tu: MSALITI. Limeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi zimepangwa vizuri. Mtu alikaa chini akatulia, akaliandika. Hilo ndilo linalonisumbua.

Elia hakuliona. Lilikuwa kushoto.

Ijumaa, 4 Aprili

Mechi ya kesho itachezwa kwa taa. Nilimfuata kocha mkuu, nikasema Elia ana maumivu ya kifundo cha mkono, apange Salumu. Alimwita Elia hapo hapo, akamuuliza. Elia akanyoosha mkono, akaukunja, akasema hana tatizo lolote. Hakunitazama.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilibeba mipira nikaondoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nne bila.

Sitaki kuyaandika mabao. Kipindi cha pili alikuwa anadaka kwa sauti, anasikiliza mguu unapiga mpira upande gani.

Tukitoka kwenda vyumbani mawe yalianza. Moja lilitoka kushoto, tuliliona wote. Salumu aliinama. Kocha mkuu aliinama. Askari mwenye ngao aliinama. Elia aliendelea kutembea wima, jiwe likampata juu ya sikio, akaanguka kama gunia.

Ndani, daktari akimshona, kocha mkuu alinisogelea. "Mbona hakukwepa?" Nilijifanya sijasikia.

Jumapili, 6 Aprili

Kikao cha dharura, baada ya ibada. Mwenyekiti alikuwa ameshaamua. Elia anafukuzwa kwa kuuza mechi, waandishi wameitwa, polisi wataambiwa. Akamuuliza kama ana la kusema.

Elia, bandeji kichwani, akasema, "Sina, mzee. Sawa."

Alikuwa anakubali kuwa mwizi. Niliona anavyokubali, kama mtu anayevaa koti la mwingine kwa sababu nje kuna baridi. Nikasimama, nikasema. Nilisema yote, na kwamba mimi nilijua.

Hakuna aliyeniamini. Mwenyekiti akainuka, akamzunguka Elia kwa nyuma, akapeleka kiganja ubavuni mwa uso wake, karibu kugusa nyusi. Elia hakupepesa. Kiganja kilikaa pale muda mrefu. Mwenyekiti akarudi kukaa, akaanza kutafuta miwani yake iliyokuwa usoni.

Nje nilimshika Elia mkono. Akautoa.

"Ungeniacha, Mwalimu. Mwizi akifungiwa hurudi. Mimi sasa narudi wapi?"

Jumatano, 9 Aprili

Klabu imetangaza kwamba Elia ni mgonjwa wa macho na hatacheza tena. Nusu ya mashabiki wametuma pole. Nusu wanauliza kipofu gani anadaka penalti. Ile penalti sasa ni ushahidi. Wengine wanasema macho ni kweli, ila yamechukuliwa, na wanamtaja Salumu kwamba kamloga apate namba. Salumu kanionyesha simu yake, imejaa matusi. Mwenyekiti kasema nibaki mpaka msimu uishe, kwa kuwa hana mwingine. Hanisalimii.

Getini kwa Elia wameandika kwa mkaa: KIPOFU WA PESA.

Jumamosi, 12 Aprili

Debora, mke wa Elia, kanipigia. Kaniamkia. Kuna pikipiki isiyo na namba inapita mbele ya nyumba yao, watu wawili wenye helmeti, pole pole, inageuka, inarudi. Tangu juzi. Elia haioni. Anasema nyumba inambana, anataka kutoka kutembea. Debora anamfuata, mara akae kulia kwake, mara kushoto.

"Sijui watatokea upande gani, Baba Neema."

Nimempigia baba yake Debora huko Hombolo. Ana pikapu ya kubebea zabibu. Kesho asubuhi atawafuata.

Jumatatu, 14 Aprili

Waliondoka jana kabla ya kengele ya kanisa. Jana hiyo hiyo, jua likizama, watu waliingia nyumbani kwao.

Nimetoka huko sasa hivi. Mlango umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Godoro limepasuliwa. Uani wamechoma jezi na glovu. Majirani wanasema walisikia kelele, wakafunga milango. Hakuna aliyemtambua mtu. Mmoja alipokuwa akinieleza hivyo alikuwa anatazama viatu vyangu. Polisi wamekuja, wameandika, wameondoka.

Nilisimama pale kwenye majivu. Wangemkuta. Angekuwa amekaa kibarazani, uso mbele, na wao wangeingia kwa ubavuni, na asingejua mpaka wamfikie.

Hawa si watu wa mbali. Baadhi yao watakuwa wamenipa mkono kanisani.

Jumamosi, 26 Aprili

Sare. Salumu kadaka vizuri, lakini kabla ya kila kona anageuka kwanza kuangalia waliokaa nyuma ya goli lake. Namkataza. Anasema, "Sawa, Mwalimu," kisha anageuka.

Elia hapokei simu yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Tumefungwa. Bado mechi moja. Lazima tushinde. Kocha mkuu leo kalitamka neno lenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Tumeshuka daraja. Mbili kwa moja, nyumbani.

Polisi walileta mbwa na gari la maji ya kuwasha. Tuliambiwa tusitoke mpaka tuitwe. Tukakaa chumbani tumevaa viatu, tunasikiliza. Hakuna kitu. Nikachungulia. Watu walikuwa wanateremka jukwaani kwa mstari, bila neno. Baba mmoja alivua jezi yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaenda. Mwenyekiti alikuwa ameshaondoka.

Ule ukimya umenitisha kuliko mawe. Walewale waliong'oa mlango walikuwa humo, wanateremka kistaarabu, wanapishana kwenye ngazi.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Hombolo. Debora ndiye aliyeniita, akasema nije tu, nisipige kwanza.

Baridi, upepo unatoka bwawani. Elia alikuwa shambani na baba mkwe wake, wanapogoa mizabibu. Anashika tawi, analifuata kwa kidole mpaka kwenye jicho lake, pale linapochipulia, ndipo anakata. Anakwenda taratibu. Nywele hazijaota kwenye lile kovu. Nilisalimia kwa mbali ili nisimshtue. Alijua sauti. Akakata tawi alilolishika, kisha akasema, "Karibu, Mwalimu."

Hatukuzungumza habari za kile kikao. Tulikaa uani, Debora akatuletea ugali wa uwele na mlenda. Elia akaniuliza mechi ya mwisho. Nikamsimulia yote, nani alicheza wapi, tulivyotangulia kufunga, walivyorudisha. Alikuwa ameacha kula, anasikiliza.

"La pili liliingiaje?"

Nikasema shuti la mbali, chini, kulia kwa Salumu.

Alifikiri. "Mwambie Salumu asijilaumu. Lile halidakiki."

Lilikuwa linadakika. Nilisema nitamfikishia. Akapapasa ukingo wa bakuli, akalisogeza upande wangu.