Hatua Tatu Chini ya Kalavati

Mama,

Jumamosi tumeyang'oa mawe yako. Yote, kuanzia kwenye kalavati mpaka chini kwa Mama Glory. Wiki hii mteremko wote unamwagwa zege, na wanasema gari la wagonjwa litapanda hadi mlangoni kwetu. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe. Mjukuu wako Imani amelala sasa hivi, mchana huu, nami naandika nyuma ya daftari langu la kwaya kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Ana meno manne, Mama. Anasimama akishika ndoo, akianguka anaikasirikia ndoo.

Kwanza alikuja kijana wa mkandarasi na karatasi zake, akapima, akaandika. Mama Glory, unavyomjua, akamchungulia begani. Aliona ameandika "barabara ya udongo." Weee! "Udongo? Wewe mtoto, macho yako yako wapi? Hayo ni mawe, tumeyasimika sisi na watoto mgongoni. Andika mawe!" Kijana akasema fomu ina mistari mitatu tu, lami, changarawe na udongo, mawe hayamo. "Basi chora mstari wa nne," akamwambia. Watu walicheka hadi wakashika magoti. Na mimi nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, maana kuna kipande cha yale mawe ambacho hakikusimikwa, na aliyejua ni mimi peke yangu.

Nitakueleza taratibu, usinikatize.

Nilipoolewa hapa Machame nilitoka Pasua, mjini. Kwetu barabara ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, na uani kwa wenye uwezo kuna pevingi. Sikujua kwamba jiwe lina kichwa na mkia. Wewe ndiye uliyenifundisha, msaragambo wangu wa kwanza, kijiji kizima kimekuja na majembe kwa kazi ya pamoja. Uliniona nimelaza jiwe zuri, bapa, limenyooka kama meza, ukalipiga teke. "Hilo ni la kukalia. La kupandia halilali." Ukanionyesha: unachimba shimo refu, unalisimika jiwe, sehemu ndefu ndani ya ardhi, kichwa chenye makwaruzo juu, limeinamia kidogo mlimani, halafu unalibana kwa vijiwe pande zote hadi likikanyagwa halisemi kitu. Jiwe la kulala mvua inalilainisha kama sabuni. Ng'ombe anateleza, pikipiki inateleza, mtu je? Hayo maneno uliniambia mimi. Sikuyasikia kwa mtu mwingine.

Ule msaragambo wa mwisho kabla ya mvua kubwa, miguu yako ilikuwa imevimba, ukaniambia niende kwa niaba ya nyumba. Imani alikuwa na miezi minne. Tulipewa hatua ishirini chini ya kalavati, na zinazofuata akapewa Mzee Aminieli. Nilisimika kumi na saba, Mama. Hizo ni za kweli, hata wewe ungezikanyaga ukanyamaza. Imani alikuwa analia, maziwa yamenijaa, mgongo unaniwaka. Hatua tatu za mwisho nikalaza. Nilichagua mawe mapana yafunike haraka, nikatupia mchanga juu. Nilijiambia nitarudi kesho.

Sikurudi. Wala kesho kutwa sikurudi.

Halafu asubuhi ile ya mvua ukaanguka jikoni, mdomo umekwenda upande. Gari likaishia chini. Wanaume wakakuweka kwenye miti miwili na blanketi, Elirehema mbele. Mwanao, mume wangu, anayebebea wageni mizigo hadi kwenye barafu, aliteleza chini ya kalavati. Mguu ulimtoka kwenye mawe yangu. Ukadondoka. Nilikuwa nyuma yenu na mwavuli, nikauona mkono wako ukitafuta pa kushika.

Siku ya tatu ukaondoka. Daktari alimwambia Elirehema kwamba mshipa wa kichwani ulishapasuka nyumbani, kwamba hata tungepaa tusingekuwahi. Mimi nilimsikia na masikio yangu. Lakini huku mlimani nani anamsikiliza daktari? Watu walikuwa wameshapata la kusema kabla hatujakuzika. "Pale ni kwa Aminieli. Mlevi yule, amelaza mawe." Mama, hata yeye mwenyewe aliamini. Siku ile ya msaragambo alikuwa amekunywa tangu asubuhi, hakukumbuka alianzia wapi.

Nami nikanyamaza.

Nilidhani yatapita. Hayakupita. Elirehema aliacha kumpa shikamoo. Mzee wa rika la baba yake, wanapishana njiani kama na mti. Na yule mzee, Jumatatu baada ya matanga, alikuja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akaushusha zizini, akaondoka. Jumatatu iliyofuata tena. Kila Jumatatu, Mama, hadi wiki iliyopita. Nilikuwa namshukuru, "Aika, Baba," naye anaangalia chini. Ng'ombe wako anakula majani ya adhabu ya mtu mwingine, na mimi napata saa nzima ya kukaa na mtoto. Nisikudanganye, hiyo saa niliihitaji. Elirehema akiwa mlimani na wageni niko peke yangu, usiku silali, asubuhi nakamua. Kuna Jumatatu nilimsubiri kwa hamu.

Tena akaacha pombe ya mbege. Kabisa. Binti yake, Haikaeli, alinishika mikono nje ya kanisa akisema, "Dada, msiba wenu umemponya baba yangu." Niambie, ningefanyaje? Nikisema ukweli, na akarudi kwenye kilabu, si nimemuua kwa mara ya pili? Nililishika hilo kama sababu. Lilikuwa zuri, limenyooka, linafunika.

Jumamosi, sasa. Mwenyekiti wa kitongoji alitukusanya na mitaimbo, tung'oe mawe kabla ya zege. Mzee Aminieli alikuja na jembe lake, akasimama mbali. Kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani, zege mpeni Aminieli, zege ndilo la kulazwa!" Wakacheka. Elirehema hakucheka, aligeuza uso, akatema mate. Na mzee akainama, Mama, akaanza kung'oa zile hatua tatu. Peke yake, kwa mikono. Alizing'oa kama mtu anayelipa deni lake.

Nilimpa Mama Glory mtoto. Nikaenda pale nikasimama juu ya mawe. Nikasema, "Baba, acha. Haya ni ya kwangu." Akadhani nataka kumsaidia. "Hapana, rudi kwa mtoto wako, hili ni langu." Nikasema tena kwa sauti, wasikie wote: niliyalaza mimi, nilikuwa nimechoka, Mama alishanifundisha, nilijua. Mzee Aminieli hakuwahi kugusa hapa. Nikahesabu hatua kutoka kwenye kalavati mbele yao, moja hadi ishirini, nikaenda nikasimama kilipoanzia kipande chake. Mawe yake yalikuwa yamesimama, Mama. Amelewa vile, na bado aliyasimika.

Elirehema aliweka mtaimbo chini taratibu, akapanda kwenda nyumbani. Jumapili alifunga mzigo akaenda kazini mlimani. Hakuniaga, ila alimbusu mtoto.

Wazee waliniambia nimpelekee jani la isale, ndiyo msamaha wetu, na mtu haruhusiwi kulikataa. Lakini isale huenda na mbege. Nitampelekeaje mbege mtu huyu? Nikajaza kibuyu maziwa ya mgando ya ng'ombe wako, nikaenda jana. Haikaeli alifungua mlango, hakunisalimia. Mzee akalipokea jani, akaligeuza, akalitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo pombe nimeiacha bure?"

Nikajibu, "Sijui, Baba. Hilo ni lako. Majani ndiyo uliyokata bure, na nitayarudisha."

Niliogopa kuliko siku zote. Mwisho akanyoosha mkono. "Haya, lete hayo maziwa." Akanywa nusu, akampa binti yake. Haikaeli akayashika tu, hakunywa. Sijui kesho atafanya nini yule mzee. Sijui Elirehema atarudi akiwa nani. Nimejiandaa kwa yote mawili, na siondoki katika nyumba hii.

Imani anaamka, namsikia. Pumzika, Mama. Kaburi lako hapa migombani nalifagia kila Ijumaa, na nitaendelea. Naomba unisamehe, ingawa najua ungeanza na teke.

Na hili nakuahidi. Akifika umri wa kuelewa, nitamshika mjukuu wako mkono, nimpeleke chini ya kalavati, na kumwambia niliyofanya pale. Atayasikia kutoka kwangu, kabla hajaambiwa na watu.

Mkweo,
Mama Imani