Utumbo wa Jumamosi

Testaccio, Roma
Jumanne, 12 Februari 1963

Mpendwa shemeji Duilio,

Ersilia amekufa. Amekufa Jumamosi mchana, tumemzika jana makaburi ya Verano. Moyo. Alikaa kwenye kiti avue viatu, hakuinuka tena.

Sasa nakusalimu wewe na mkeo Ines na watoto. Hamjambo huko Melbourne? Joto linawasumbua? Huku baridi na mvua. Mimi mzima wa mwili. Mgongo ni ule ule.

Barua alikuwa anaandika dada yako, mimi naweka jina chini. Leo unasoma mwandiko wangu, vumilia. Padri alitaka akuandikie yeye. Nikamwambia hapana, habari hii shemeji anaipata kwa shemeji yake.

Usijilaumu kwamba hukuwepo. Meli ni mwezi mzima. Watu walijaa. Walikuja wanawake wa jengo lote, hata yule wa ghorofa ya tatu aliyegombana naye kwa ajili ya kamba ya nguo. Huyo alilia kuliko wote.

Kwenye barua yako ya Krismasi uliuliza, ukija baada ya Pasaka, siku hizi tunakula na kunywa wapi. Ulisema unataka kukaa tena kilabuni kwa Pompeo, meza ya kando ya pipa, dada yako kaegemea ukuta, kila mtu na kifurushi chake cha chakula. Ersilia alikuwa hajakujibu. Nakujibu mimi. Kwa Pompeo usikanyage.

Jumamosi asubuhi alipika utumbo, kama kila Jumamosi, kama Roma nzima. Nyanya, nanaa, jibini ya kondoo juu. Sufuria tele. Mwenyewe hakuula. Kisha ndiyo ikawa vile, watu wakaja, vilio, jeneza, nani ana hamu ya kula. Sufuria nikaiweka nje dirishani kwenye baridi. Jana tulipotoka makaburini nikasema huu utumbo siumwagi, na peke yangu siuli. Nikaifunga sufuria kwa kitambaa chake, tukaenda kwa Pompeo, mimi na Quirino na wenzetu wa saiti.

Desturi unaijua. Chakula unakuja nacho, mvinyo unanunua kwake. Baba yako alikula pale hivyo. Harusi yetu tuliilia pale, na sufuria zilitoka kwa mama yako.

Sasa kilabu anakiendesha mkwe wake Pompeo, anaitwa Gualtiero. Katandika vitambaa vyeupe. Ukutani katundika kibao, chakula cha nje marufuku. Kibao nilikiona zamani, nikadhani cha watalii. Kumbe ni changu.

Akatuzibia njia mlangoni. "Mzee, hiyo sufuria ibaki nje."

"Ni utumbo wa Ersilia," nikamwambia.

"Pole kwa msiba, kweli kabisa. Ila nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu ananiletea sufuria."

Quirino akamwambia, "Kijana, watu walileta sufuria hapa wewe ukiwa bado unafutwa kamasi."

"Kama mna hamu ya utumbo, jikoni upo. Kaeni niwaletee."

"Utumbo Jumatatu? Hapa Roma? Wewe kwenu wapi?"

"Na huo wenu wa lini?"

Hapo nikajibu mimi. "Wa Jumamosi. Ulikuwa unangoja mazishi."

Akafanya ishara ya msalaba. Lakini mlangoni hakutoka.

Meza yetu walikaa watalii, mtu na mkewe. Yule mama alisikia harufu, akanyoosha kidole kwenye sufuria yangu, anataka apewe hicho. Gualtiero akamwambia hicho hatuuzi. Wenzangu wakacheka. Mimi pia nilikaribia kucheka, halafu nikaona yule mama kaegemea ukuta, palepale.

Pompeo alikuwepo, kajikunyata kwenye kona ya kaunta kama mgeni kwake. Gualtiero ni mpumbavu, na wapumbavu wako kila mahali. Pompeo lakini anajua. Miaka yote alikuwa anakuja mezani na kipande cha mkate, "Ersilia, nichovye tu," kisha anamaliza nusu ya sufuria. Dada yako alikuwa anapika ya kumtosha na yeye. Jana aliangalia sakafu. Hata pole hakusema.

Tukatoka. Tulikula kwenye ngazi za soko, na suti za mazishi, manyunyu yanatupiga, sufuria katikati. Hakuna hata tone la mvinyo. Mtu amezikwa, watu wake wanakula barabarani kama wachuuzi wa mitumba, na nyuma ya kile kioo wageni wanafunguliwa chupa. Utumbo ulikuwa umepoa. Ulikuwa mtamu.

Baadaye Pompeo akaja, kichwa wazi, chupa mbili chini ya koti.

"Remigio," anasema, "pale si kwangu tena. Kilabu nimekiandikisha kwa jina la binti yangu."

"Na mdomo wako uliuandikisha pia?"

Akaweka chupa chini, akasimama anaiangalia sufuria. Mimi sikumpa kijiko. Quirino alimpa chake. Akala wima huku analia, akakwangua mpaka chini. Mvinyo wake nilikunywa, siku ile nisingekataa. Mkono sikumpa. Ungekuwa wewe ungempa? Niandikie ukweli.

Kwa hiyo ukija, usihangaike na kwa nani pazuri. Karibu na machinjio kuna mmoja bado anaruhusu kifurushi, sijui mpaka lini. Au tutakula kwangu. Najua mayai tu. Mvinyo Quirino ataleta. Kaburini nitakupeleka mwenyewe, usiende na padri.

Shali yake ya sufu namwekea Ines, aje aichukue. Kitambaa cha kufungia sufuria nimebaki nacho mimi.

Nisalimie Ines, na Bruna, na yule mdogo mliyempa jina la baba yako. Mwambie mjomba Fosco kama bado yuko huko kwamba mpwa wake alimtaja Ijumaa tu. Quirino anakusalimu, anasema ulete kofia ya huko. Mungu awalinde kwenye hiyo nchi ya mbali na awape uzee pamoja, nyote wawili.

Sufuria sijaiosha bado. Kifurushi cha mchana nitajifungia mwenyewe. Kesho narudi kazini.

Shemeji yako anayekupenda, hata kama hajui kuandika,
Remigio