Aliyeuliza Hakai

Neema mjukuu wangu,

Baba yako amesema leo kwamba mbunge wetu atamuuliza waziri habari za maji ya Kisongo. Marahaba, sote wazima. Katika barua yako unauliza kama enzi za Mjerumani kuna aliyethubutu kuhoji.

Nilimwona mmoja. Mlowezi alifunga mfereji wetu, migomba ikanyauka. Msemaji wa rika la baba yangu alisimama bomani na fimbo yake.

“Maji yetu yatarudi lini?”

“Kaa chini,” alisema mkuu wa Kijerumani.

“Kwetu aliyeuliza hakai kabla hajajibiwa.”

Alisimama hadi adhuhuri. “Baba, utaota mizizi!” tulimtania sisi wanawake. Mwishowe mkuu aliagiza mfereji ufunguliwe, naye akakaa.

Waziri atajibu Jumatano. Nitamsikiliza redioni, nimesimama.

Bibi yako