King'ora Kilichomwimbisha Mama Yako

Valence,

Maharage yako jikoni. Mama yako amesinzia, usimwamshe. King'ora changu usikiguse, ile sahani yake ya bati yenye matundu ikipinda tu wimbo umeharibika.

Asubuhi ulicheka: "Baba, hicho ni cha kufukuzia nyani." Iliniuma. Ulipotoka nikawasha ile mota niliyotoa kwenye redio kaseti, inayozungusha sahani. Ikienda polepole sauti inashuka, ikikaza mwendo inapanda. Nikapiga wimbo wa harusi yetu. Mama yako, ambaye mwaka wa pili huu hasikii hata kengele ya kanisa, aliacha kuchambua mchele akaimba kiitikio chote!

~~Majirani wakilalamika, waombe radhi.~~ Majirani wakilalamika, waambie kesho tena.

Nimekwenda Namtumbo kumchukua mama yako mdogo Devota, waimbe wawili.

Baba yako