Mimi Ndiye Ninayefokewa

Dada Marcelline mpenzi,

Huku Bellevue baridi imeanza, na cherehani ya Mama haipumziki. Akikwambia nimemwaibisha, nisikilize na mimi.

Wazazi waliitana mkutanoni chuoni, nasi wachezaji tukiwepo, wakitaka kocha wetu wa softboli, Chepngetich, afukuzwe kwa ukali wake. Mama akasema, "Anamtesa binti yangu."

Nikasimama. "Mama, mimi ndiye ninayefokewa. Nikikosea ananiambia, nikilia ananisubiri, kisha tunarudia. Hajawahi kunitukana."

Walimfukuza hata hivyo. Jumamosi wachezaji wote tulimfuata akatufundishe kwenye uwanja wa mtaani. Nilidondosha mpira, akanifokea mbele ya Mama, aliyekuja bila kuniambia.

Tangu mkutano ule Mama hasemi nami. Lakini alikaa pale mpaka mazoezi yakaisha.

Mdogo wako asiyejuta,
Jocelyne